Mafua ni ndugu wa kifua, si wa baridi

Kipupwe kimeingia, kusi inavuma, na huku Mtwara kila pua inayochuruzika inayolaumiwa ni baridi. Juzi nilipanda bajaji kutoka Shangani kwenda sokoni. Mama mmoja kijana alikuwa amempakata mtoto mwenye mafua, na bibi aliyekaa naye akamwambia kwa huruma: "Mwanangu, umemwogesha alfajiri na baridi yote hii, ulitegemea nini?" Binti akainamisha kichwa, akajibu, "Ni kweli, bibi." Nilikuwa nashuka, sikusema kitu. Lakini kauli hiyo nimeisikia mno mwaka huu, na kila ninapoisikia anayebebeshwa lawama ni mama.

Mafua ni maambukizi ya pua na koo yanayoletwa na virusi. Aina zake zinazojulikana zinapita 200, na zinazoongoza ni za kundi la rinovirusi. Vinatoka kwa mwenye mafua kwa chafya, kwa mikono, kwa vitu alivyoshika, na baada ya siku moja hadi tatu pua ya mwingine inaanza kuchuruzika. Maana ya mafua ndiyo hiyo.

Neno lenyewe halina baridi ndani yake. Mafua na kifua wana shina moja, na hata leo tunasema "mtoto ana kifua" tukimaanisha anakohoa. Homa, tunayoitanguliza tukisema homa ya mafua, imetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni joto la mwili. Waingereza wao huyaita mafua kwa jina la baridi. Sisi baridi tuliipeleka kwenye maradhi mengine kabisa, ya viungo: baridi yabisi. Hapo ndipo pana historia. Yabisi ni kavu. Jina hilo ni mabaki ya utabibu wa Wagiriki uliopokewa na Waarabu ukafika hadi pwani yetu, utabibu uliopima mwili kwa joto na baridi, ukavu na unyevunyevu. Katika hesabu hiyo balghamu, yaani makohozi, ilikuwa ya baridi na majimaji. Anayetokwa na kamasi, basi, baridi imemzidi. Kwa hiyo bibi wa kwenye bajaji hakuwa anabahatisha. Alikuwa anasema elimu iliyodumu karne nyingi, na mimi naiheshimu. Ila ilitungwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna virusi. Malaria nayo kwa Kiitaliano asili yake ni hewa mbaya, lakini Lindi na Mtwara leo tunafunga chandarua kwa sababu ya mbu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti walifuatilia mafua huko Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwenye mji wa wachimba makaa ya mawe. Majira ya baridi bahari iliganda, meli hazikuweza kufika, na baridi yake haina mfano na ya kwetu. Mafua yakapungua hadi kukaribia kwisha. Barafu ilipoachia na meli ya kwanza kutia nanga, mafua yakafumka. Sisi watu wa bandari tunajua meli haishushi mizigo peke yake.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya kusababisha na kuchangia. Mwaka 2005 huko Cardiff, Uingereza, watu 180 waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja walitia miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20. Siku zilizofuata, waliolalamika dalili za mafua kwenye kundi hilo walikuwa wengi zaidi. Watafiti wakadhani kwamba baadhi yao walikuwa tayari na virusi puani, na baridi ikapunguza damu inayofika huko, kinga ikalegea. Rinovirusi pia hustawi kwenye nyuzi 33 hivi, joto la ndani ya pua, kuliko kwenye 37 za mwili. Basi baridi huenda inachangia. Mvua nayo inaotesha mbegu, lakini haileti mahindi kwenye shamba ambalo hukupanda. Tena baridi hutufanya tufunge madirisha na kulala tumebanana, na hapo virusi vinapata njia fupi.

Na kuna hili la kwetu wenyewe. Juni na Julai tunapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, asubuhi na mapema, katika ubaridi huohuo. Vumbi lake linawasha pua na koo, mtu anapiga chafya hadi machozi. Hayo si mafua. Anahitaji kufunika pua na mdomo, koti halitamsaidia.

Nikikutana tena na yule bibi nitamwambia: shikamoo bibi, sweta mtoto avishwe, na maji ya kumwogesha yapashwe moto, asitetemeke bure. Ila kabla ya kumlaumu binti, muulize ni nani pale nyumbani alikuwa na mafua siku mbili tatu zilizopita, na ni nani aliyekuwa anambeba mtoto. Huyo ndiye wa kuambiwa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea tena.