Ukisikia Ebola, uliza kwanza: ipi?

"Shemeji, chanjo ya Ebola si ilishapatikana? Sasa mbona Uganda watu walikufa bila kuchanjwa?"

Aliyeniuliza ni shemeji yangu mwenye duka Mutukula, pale mpakani mwa Tanzania na Uganda. Kazi yangu ni ya maabara, kupima virusi, na kila mlipuko unapotangazwa upande wa pili wa mpaka naulizwa maswali mengi. Hili lilinikaa moyoni, kwa sababu ukilijibu vizuri utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya habari za Ebola.

Chanjo ipo. Inaitwa Ervebo, na katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, wa 2018 hadi 2020 walichanjwa zaidi ya watu 300,000. Lakini inakinga kirusi kimoja tu, kinachoitwa Zaire. Kilicholipuka Mubende, Uganda, mwezi Septemba 2022 kilikuwa kirusi cha Sudan. Hivi viwili ni ndugu, ila protini ya juu ya ganda, ile ambayo kinga ya mwili huitumia kumtambua adui, imetofautiana kiasi kwamba kinga iliyofunzwa kwa Zaire haitegemewi mbele ya Sudan. Dawa za kingamwili nazo zina mpaka huohuo: Ebanga, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit, Kongo, mwaka 1995, na Inmazeb, zote ni za Zaire.

Kwa hiyo Uganda walipambana kwa mikono: kutenga wagonjwa, kufuatilia kwa siku 21 kila aliyetangamana nao, kuzika kwa usalama, na kufunga wilaya za Mubende na Kassanda. Walithibitishwa wagonjwa 142, wakafariki 55. Chanjo za majaribio za Sudan zilifika Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshatoka hospitali. Kirusi hichohicho kilipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza siku nne tu baadaye. Nilifurahi sana kuiona kasi ile.

Mkanganyiko huu una umri sawa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1976 watu walianza kufa Nzara, kusini mwa Sudan ya wakati ule, na miezi michache baadaye Yambuku, kaskazini mwa nchi ya Zaire, Kongo ya leo. Ilikuwa rahisi kudhani ni moto mmoja uliovuka mpaka. Kumbe ni virusi viwili tofauti. Yambuku waliugua 318 wakafariki 280. Upande wa Sudan waliugua 284 wakafariki 151. Ile kauli kwamba Ebola inaua watu tisa kati ya kumi inatoka Yambuku. Nzara na jirani zake walikufa zaidi kidogo ya nusu. Ukiitumia namba ya Yambuku kwa kila mlipuko, unawatisha watu kiasi kwamba mgonjwa anaona kwenda hospitali ni kwenda kufa, naye anajificha nyumbani. Huko ndiko anakowaambukiza wanaomuuguza.

Virusi vingine vya jamii hii nitavipitia haraka. Bundibugyo kilijulikana 2007 magharibi mwa Uganda, nacho kinaua. Taï Forest kilimpata mtafiti mmoja Côte d'Ivoire mwaka 1994 baada ya kumpasua sokwe aliyekufa; alipona. Reston ni cha nyani na nguruwe, hakijulikani kumfanya mtu yeyote augue. Bombali kilipatikana kwa popo Sierra Leone, kisha kwa popo wa Kenya. Kwa hiyo ukisoma kwamba "Ebola imegunduliwa Kenya", angalia kama si hicho, maana hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa Bombali.

Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa. Tunasema "aina" kwa kila kitu. Zaire na Sudan ni virusi tofauti kabisa, lakini Kikwit (la mlipuko wa 1995) na Makona (la mlipuko wa Afrika Magharibi) ni matawi ya kirusi kilekile cha Zaire. Ervebo ilitengenezwa kwa kutumia protini ya tawi la Kikwit, na ikafanya kazi Guinea mwaka 2015 dhidi ya Makona. Tawi jipya peke yake halimaanishi chanjo imeshindwa.

Jambo linalonigusa zaidi kikazi ni vipimo. Mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, ina katriji (kikasha cha kuwekea sampuli) ya Ebola, lakini inatafuta Zaire peke yake. Mgonjwa wa Mubende angepimwa kwa hiyo tu, jibu lingetoka hana. Ndiyo maana sampuli zilipelekwa taasisi ya virusi ya Entebbe, UVRI. Kongo kazi hiyo ni ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kinshasa, ya Profesa Muyembe, ambaye mwaka 1976 alichukua damu za wagonjwa Yambuku bila glovu.

Mimi nasoma kwanza taarifa za milipuko za WHO (Shirika la Afya Duniani), kisha wizara ya afya ya nchi husika na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa. Tahadhari moja: WHO sasa inaita ule wa Sudan "ugonjwa wa virusi vya Sudan", hivyo ukitafuta neno Ebola pekee unaweza kuukosa. Kwa aliye Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Natazama vitu vitatu: kirusi kipi, maabara gani imethibitisha, tarehe gani.

Wiki iliyofuata shemeji alinitumia ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye kundi la wafanyabiashara, mtu akisema Mubende imefungwa na mpaka unafuata. Nilimwandikia: kirusi kipi, maabara gani, tarehe gani? Baada ya nusu saa akajibu kwamba ni Sudan, walipima Entebbe, na mlipuko wenyewe ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023.