Kwa nini tunangoja mtu awe marehemu ndipo tumrehemu?

Kwenye mazishi ya huku kwetu kuna dakika moja ambayo huwa naisubiri. Wasifu umeshasomwa, rambirambi zimeshatolewa, kisha msemaji wa familia anasimama na kutangaza: "Kama yupo anayemdai marehemu, aonane na familia." Nimeongoza ibada nyingi za maziko, na kila tangazo hilo likitolewa natazama nyuso za watu. Wadai wapo. Baadhi yao nawafahamu, maana waliwahi kuja kwangu wakimlalamikia huyo huyo aliye ndani ya jeneza. Lakini wengi hawaendi kuonana na mtu yeyote. Wanatupia udongo kaburini, wanawapa pole wafiwa, wanakwenda zao. Deni limekwisha pale pale.

Neno marehemu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemiwa. Ni ndugu wa damu wa neno rehema. Linaniuma kila ninapolitamka kwenye maziko, kwa sababu mara nyingi najua kwamba aliyelala pale alipoihitaji rehema hiyo, akiwa bado anapumua na anadaiwa, hakuipata.

Nafundisha Agano Jipya, na swali ninaloulizwa zaidi kuhusu Hotuba ya Mlimani, yale mafundisho ya Yesu katika Mathayo 5 hadi 7, ni moja: moyo safi unapatikanaje? Watu wanafunga, wanakesha, wanaacha marafiki, na bado wanarudi wakisema, "Mchungaji, moyo wangu haujatulia." Mimi huwaomba warudi mstari mmoja nyuma. Mathayo 5:8 inasema, "Heri wenye moyo safi, maana hao watamwona Mungu." Mstari wa 7 unasema, "Heri wenye rehema. Maana hao watapata rehema." Sidhani kama mistari hii miwili imekaa pamoja kwa bahati tu.

Tuanze na usafi. Neno la Kigiriki lililotumika ni katharos. Lilitumika kwa nguo iliyofuliwa, lakini pia kwa nafaka iliyopepetwa na divai isiyochanganywa na kitu. Kwa hiyo moyo safi ni zaidi ya moyo usio na doa. Ni moyo usiochanganywa, kama maziwa ambayo muuzaji hakuyatia maji. Yakobo analiona hivyo hivyo anapoandika, "kuisafisha mioyo yenu, enyi wenye nia mbili" (Yakobo 4:8). Kwake uchafu wa moyo ni nia mbili. Tena, katika Biblia moyo si mahali pa hisia peke yake. Mwebrania alifikiri na kuamua kwa moyo. Nasikitika kwamba mimbarani tumelifanya somo la moyo safi kuwa somo la zinaa tu, tukawafundisha vijana kulinda macho yao huku wazee wa kanisa wakikaa miaka na vinyongo, na hakuna anayeviita uchafu.

Na rehema? Katika Kiebrania mojawapo ya maneno yake ni rahamim, linalotokana na mzizi mmoja na rehem, yaani tumbo la uzazi. Mzizi huo, r-h-m, ndio uliozaa rahma ya Kiarabu na rehema yetu. Hisia iliyomo ni ya mama kwa aliyemzaa. Mama hamwonei mwanawe huruma kutoka mbali. Kinachompata mtoto kimempata na yeye.

Sasa mfano ambao Yesu mwenyewe aliutoa, Mathayo 18. Mtumwa anadaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku (ndivyo walivyopatana wale wa shamba la mizabibu katika sura ya 20). Piga hesabu: siku za kazi 60,000,000. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni miaka 200,000. Mfalme anafuta yote. Mtumwa anatoka nje, anakutana na mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, ambaye yeye alimdai dinari mia, "akamkamata, akamshika koo, akisema, Nilipe uwiwacho," yaani unachodaiwa.

Wahubiri wengi hapa husema dinari mia ni kidogo. Si kidogo. Ni ujira wa miezi minne hivi, na aliyedhulumiwa mshahara wa miezi minne ana haki ya kulia. Yesu hakusema ulichotendewa ni kitu kidogo. Alikiweka tu kando ya kile ambacho wewe umesamehewa, kikubwa mara 600,000. Kisha akafunga mfano kwa maneno ambayo ndiyo yanayounganisha mstari wa 7 na wa 8: "msiposamehe kila mtu ndugu yake kwa mioyo yenu." Kwa mioyo. Msamaha wa mdomoni ni ile ile nia mbili ya Yakobo: mdomo umefuta, moyo bado unatunza daftari.

Kushika koo tunakujua vizuri. Ipo mikopo mitaani ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Na hata kwenye vikoba vyetu, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, tunavyovifungua kwa sala, nimeona akina mama wakiingia kwa mwenzao na kutoka na sufuria, godoro na redio, watoto wakitazama. Sisemi madeni yasilipwe. Kikundi kisichodai kitakufa, na anayekopa bila nia ya kulipa naye anatenda dhambi. Nasema kuna kudai na kuna kukaba. Mdai mwenye rehema anakaa na mdaiwa, anasikia kilichompata, wanapanga upya. Sufuria ya kupikia watoto haiguswi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo linalonitisha katika mafundisho ya rehema. Mwanamke anayepigwa nyumbani huambiwa, "Samehe, rudi kwa mumeo." Hiyo si rehema. Kumsamehe mtu ni kuacha kumtakia mabaya. Si kumrudishia fimbo. Anayepigwa aondoke mahali pa hatari, aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na kanisa limsindikize. Kazi ya moyo itafuata, kwa muda wake, akiwa salama.

Upande wa pili nao upo: rehema yenyewe inaweza kuchafuka. Siku hizi tunasema "tumekwenda kufanya matendo ya huruma," na mara nyingi maana yake ni unga, sabuni, sare za kwaya, na picha nyingi kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye hakuulizwa kama anataka kupigwa picha. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Nawaomba viongozi wa vikundi: simu zibaki kwenye gari. Mtagundua haraka ni nani alikwenda kwa ajili ya mgonjwa.

Mimi ninavyofanya ni hivi. Jumamosi jioni, kabla ya Meza ya Bwana, naandika majina ya watu ninaoona wananidai na wale ninaowadai mimi: fedha, heshima, ombi la radhi. Kisha nasoma Mathayo 5:23-24, ile amri ya kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kupatana kwanza.

Jina la mdogo wangu lilikaa kwenye karatasi hiyo miaka mitatu. Alikopa kwangu fedha za ada ya binti yangu, hakurudisha, na mimi nikaacha kupokea simu zake. Katika miaka hiyo nilihubiri Mathayo 18 zaidi ya mara moja, nikirejea nyumbani na koo lake mkononi. Kilichonivunja ni tangazo lile la makaburini. Siku moja tulipokuwa tukimzika mzee mmoja wa usharika, msemaji aliuliza nani anamdai marehemu, nami nikajiona nimesimama kwenye kaburi la mdogo wangu, nikinyamaza kwa ukarimu.

Nilimpigia jioni hiyo. "Shikamoo kaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua anakwenda kudaiwa. Nikamwambia zile fedha ziishe, na anisamehe kwa simu ambazo sikupokea. Alinyamaza, kisha akauliza kama binti alimaliza shule. Nikamwambia alimaliza. Jumapili iliyofuata alikuja na mkewe na mkungu wa ndizi, tukakaa mpaka giza.

Kwenye karatasi ya wiki hii yamebaki majina mawili. Moja ni la mtu aliye mgonjwa, na nitakwenda kwake kesho.