Printa inadai karatasi wakati trei imejaa

Majira ya mitihani ya majaribio yakifika, steshenari za hapa Tabora mjini hujaa walimu wenye flashi mkononi, na mimi huitwa huku na kule printa zikigoma. Mara nyingi nikifika nakuta printa ni nzima kabisa. Ugonjwa uko kwenye faili.

Juzi nimeitwa kwa ajili ya mwalimu mmoja wa hisabati. Nilipompa shikamoo alijibu marahaba huku macho yake yakiwa kwenye mashine. "Kijana wangu, hii imekufa, na watoto wanafanya mtihani kesho asubuhi." Kurasa mbili za kwanza zilikuwa zimetoka safi. Ya tatu, taa ya rangi ya machungwa ikaanza kuwaka na kuzima, kioo kinadai karatasi, na trei imejaa hadi juu. Mhudumu alishazitoa karatasi, akazipepeta na kuzirudisha mara tatu. Alishazima mashine na kuiwasha. Nilimkuta ameshafungua mlango wa tona.

Nikamwomba aiache kwanza, nikakaa kwenye kompyuta. Printa inayotoa kurasa mbili vizuri kisha ikasimama kwenye ya tatu, na ukirudia inasimama palepale, haina shida ya roli wala tona. Kuna kitu kimebadilika ndani ya waraka kati ya ukurasa wa pili na wa tatu. Nikabofya neno lolote kwenye ukurasa wa kwanza, nikafungua Layout, kisha Size: A4. Nikabofya ukurasa wa tatu, nikaangalia tena palepale: Letter.

Letter ni karatasi ya Marekani na Kanada, milimita 215.9 kwa 279.4. A4 ni milimita 210 kwa 297. Yaani Letter ni pana zaidi kwa karibu milimita 6, lakini ni fupi kwa karibu 18. Ukiziona kwenye skrini huwezi kuzitofautisha, ila printa inazitofautisha. Ikiambiwa Letter na trei yake imeandikishwa A4, printa nyingi husimama na kungoja uwekewe hiyo Letter. Kwa hiyo ile mashine haikuwa inasema uongo. Ilikuwa inadai karatasi ambayo sisi hapa hatuna kwenye rafu.

Iliingiaje? Microsoft Word hugawa waraka katika sehemu, na kila sehemu hubeba ukubwa wake wa karatasi, pambizo zake, hata trei yake. Mwalimu alikuwa amenakili maswali kutoka mtihani wa zamani uliochapwa kwenye kompyuta ambayo Windows yake ilipangwa kwa Marekani, na alama ya kukata sehemu ikaja pamoja na maswali. Alama hiyo haionekani mpaka ubofye kitufe cha ¶ kwenye Home.

Kuirekebisha ni dakika moja. Ctrl+A kuchagua waraka wote, kisha Layout, kishale kidogo kwenye kona ya Page Setup, kichupo cha Paper. Chagua A4, na pale chini kwenye Apply to weka Whole document. Ukiwa hapohapo tazama Paper source: ukikuta Manual feed kwenye ukurasa wa kwanza au kwenye kurasa zinazofuata, printa itakungoja uilishe kwa mkono hata kama trei imejaa. Kama waraka una ukurasa uliolazwa, huo uushughulikie peke yake usije ukageuzwa wima kama zingine.

Mhudumu alikuwa na njia yake ya mkato: kwenye dirisha la kuchapa uchague Scale to Paper Size, A4, basi. Ni kweli, printa itaendelea. Kwa barua ya kuomba kazi sina ugomvi nayo. Kwa mtihani wa hisabati nilikataa, na nitakataa kila mara. Ili upana wa Letter uingie kwenye A4, kila kitu hupunguzwa hadi kama asilimia 97. Mstari uliochorwa sentimita 10 unatoka karibu 9.7. Swali linasema "pima mstari AB", majibu ya mwalimu yanasema 10, na mtoto aliyepima kwa uangalifu kabisa ndiye anayekosa alama. Hilo linaniuma kuliko karatasi zilizoharibika.

Baada ya kubadilisha ukubwa usikimbilie kuchapa. Mistari ya maandishi sasa ni mifupi kidogo na ukurasa ni mrefu zaidi, kwa hiyo maswali huhama. Kwetu swali la 7 lilipanda ukurasa uliotangulia na mchoro wake ukabaki peke yake. Tulipitia kurasa zote pamoja na mwalimu, moja baada ya nyingine.

Kama faili yote ni A4 na printa bado inadai, nenda kwenye mipangilio ya printa ndani ya Windows, halafu kwenye menyu ya printa yenyewe uone trei imeandikishwa karatasi gani. Pande zote tatu lazima zitaje karatasi moja. Na kwenye kompyuta ya shule, pale Page Setup, ukishachagua A4 bofya Set As Default, ili nyaraka mpya zianze na A4 tangu mwanzo.

Tulichapa nakala moja kwanza. Mwalimu akatoa rula kwenye mkoba wake, akailaza juu ya mstari AB, akainama kuangalia. Sentimita 10 kamili. Ndipo mhudumu akaanza kutoa nakala za darasa.