Mvua ya mawe haikutoboa paa lako

"Fundi, mawe yametoboa mabati, njoo utuhesabie shiti." Kila mvua ya mawe ikipita hapa Kericho, simu za namna hiyo hazikosekani. Nikifika na ngazi nakuta bati lina makovu madogo madogo, tundu la jiwe silioni, na mzee mwenye nyumba ameshaambiwa na jirani kwamba paa lote ni la kubadilisha. Nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo leo naliandika.

Mawe ya huku kwetu mengi ni madogo, kama punje za mahindi. Yanachana majani ya chai vibaya, yanalaza sukuma wiki, yanapiga kelele juu ya bati hadi watu hawasikizani sebuleni. Kutoboa chuma kizima ni habari nyingine kabisa. Jiwe kubwa likianguka huacha kibonyeo: bati limeingia ndani, lakini halijapasuka. Ukiona tundu, pitisha kidole kwenye ukingo wake. Ukingo ukiwa mwembamba, wa kahawia, unamomonyoka ukiugusa, hiyo ni kutu iliyokuwa ikila bati kwa miaka. Jiwe limemalizia tu.

Hapo mteja huniuliza: mbona basi wiki jana mvua ilinyesha kubwa na nyumba haikuvuja, ikavuja siku ya mawe? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye gata, ule mfereji wa kupokea maji ukingoni mwa paa. Mawe yanateleza juu ya bati na kujaa ndani ya gata, hasa gata lenye majani makavu ya msanduku na msaipresi ambayo hakuna aliyeyatoa tangu Krismasi. Yanajaa vilevile pale paa mbili zinapokutana na kufanya bonde. Barafu hiyo haiyeyuki mara moja, na mvua bado inanyesha juu yake. Maji yakikosa njia yanapanda, yanapita nyuma ya ubao wa ukingoni na kuingia darini, au yanarudi chini ya bati na kupenya pale shiti moja ilipolalia nyingine. Saa moja baadaye barafu imekwisha, gata linaonekana halina kosa, na lawama yote inabaki kwa bati.

Doa la maji kwenye dari litakuambia mengi kabla sijafika. Likiwa karibu na ukuta wa nje, kaangalie gata. Likiwa katikati ya chumba, tafuta msumari. Misumari ndiyo inayovujisha nyumba nyingi za mji huu, na sababu ni mbili: mpira wa chini ya kofia ya msumari unakauka kwa jua na kupasuka, halafu mbao ikinywea msumari unainuka kidogo. Ongeza hapo fundi aliyegonga kwa hasira mpaka bati likabonyea kama kisahani kuzunguka msumari. Maji yanatuama hapo hapo penye tundu. Dawa yake ni kung'oa msumari na kuweka skrubu nene zaidi yenye washa ya mpira, ifungwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye mfereji wake. Kazi ya siku moja, na shiti zako zinabaki pale pale.

Kitu ambacho mawe hutoboa kweli ni yale mabati ya plastiki yanayowekwa ili jikoni au zizini kuwe na mwanga. Jua likishayapiga miaka kadhaa yanakuwa makavu, na jiwe dogo tu linapita. Hayo badilisha bila kubishana.

Kuhusu geji, yaani namba ya unene wa bati, jamani. Mteja ananunua geji 32 akijivunia kwamba namba ni kubwa. Geji ikipanda, unene unashuka: geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na 32 iko chini ya hapo. Kwa Kericho mimi siezeki 32 kwenye nyumba ya kuishi, na anayetaka hivyo atafute fundi mwingine. Hii pia ndiyo siri ya "mabati ya wakoloni" ambayo watu wanayasifu kana kwamba chuma cha zamani kilikuwa na baraka. Yale niliyowahi kuyashusha kwenye nyumba kuukuu yalikuwa mazito kuliko haya tunayonunua kwa bei ya chini, basi. Mazito bado yapo dukani, ni mfuko tu.

Wapo pia wanaoniambia, nikiwa juu ya paa, kwamba mawe yaliletwa na Wazungu pamoja na chai. Kampuni ya chai ya Brooke Bond ilianza Kericho miaka ya 1920, na kituo cha serikali ya kikoloni kilikuwa kimeshawekwa hapa kabla yake, kwa hiyo hata mji wenyewe haukuanza na chai. Mawe yanatokana na mahali tulipo: karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yenye unyevu ya Ziwa Victoria inapanda milima mchana, jua linaipasha, mawingu yanarefuka hadi kwenye baridi kali huko juu. Ndiyo maana mawe huanguka zaidi alasiri, baada ya asubuhi ya jua zuri. Lakini chai nayo haiachwi huru kabisa. Mwaka 1982 watafiti Schnell na Tan-Schnell walichapisha kwenye jarida la Tellus kwamba majani ya chai yanayooza chini ya miche yana chembe zinazosaidia maji kuganda. Chembe husaidia, dhoruba yenyewe inahitaji mlima na ziwa.

Na zile roketi ambazo wazee wanazikumbuka hazikuwa hadithi. Miaka ya 1960 roketi zenye baruti zilirushwa mawinguni juu ya mashamba ya chai, kisha zikaja ndege za kumwaga kemikali ya iodidi ya fedha. Zilikuwa za kupunguza mawe yasiharibu majani, wala hazikuwa za kufukuza mvua. Takwimu inayotajwa sana kuhusu eneo hili ni siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka, kwa hiyo ukijenga hapa, mawe yahesabu ndani ya ramani.

Mwisho ni hii lami ya kupaka juu ya kutu. Inaziba msimu mmoja, kutu inaendelea chini yake, na ukikinga maji ya paa kwa kunywa unakunywa na lami. Silikoni nayo si moja. Ile inayonuka siki inashambulia zinki ya bati, na nimeona mahali ilipopakwa pakiota kutu nyeupe kabla ya pengine pote. Muulize mwenye duka ile isiyo na asidi. Akisema zote ni sawa, fungua kifuniko unuse mwenyewe.