Kidroo cha Wenham: siri ya hadubini ya shaba yenye mirija miwili

Hadubini ya kale ya shaba yenye mirija miwili haikuzi kitu zaidi ya ile yenye mrija mmoja. Nalisema mapema kwa sababu nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Dar huja na mwenye nazo ambaye ameshaamini kuwa macho mawili ni nguvu maradufu. Kazi ya mrija wa pili ni kukuonyesha kina: kipi kimeinuka, kipi kimebonyea. Kazi hiyo yote inafanywa na kipande cha kioo ambacho wengi hawajui hata kama kipo.

Tazama pale mirija inapokutana, juu kidogo ya lenzi ya chini. Ubavuni kuna kidroo chembamba cha shaba. Kivute taratibu. Ndani mna prizimu, yaani kioo kilichokatwa kwa pembe ili kipinde njia ya mwanga, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Aliyebuni mpango huu mwaka 1860 ni Mwingereza Francis Herbert Wenham, mhandisi ambaye miaka kumi na moja baadaye alitengeneza handaki la upepo la kujaribia mabawa, wakati ndege zenyewe bado hazijazaliwa.

Mwanga ukipanda kutoka kwenye lenzi ya chini, nusu yake hupita kando ya prizimu na kwenda moja kwa moja kwenye mrija ulionyooka. Nusu nyingine huingia kwenye prizimu, hugonga kuta zake kwa ndani mara mbili, kisha hutoka imevuka upande wa pili na kuingia mrija wa mshazari. Huko kuvuka ndiko kwenye akili. Hadubini hupindua picha, kwa hiyo kama kila jicho lingepewa nusu ya upande wake, vilima vingeonekana mabonde na mabonde vilima. Kichwa cha nzi kingekuwa shimo.

Basi ukitaka kujua kama hadubini ya aina hii ni nzima, usianze na shaba. Weka kitu mezani, washa taa, tazama kwa macho yote mawili, kisha vuta kidroo. Mrija wa mshazari uwe giza, ulionyooka uongezeke mwanga. Rudisha kidroo, picha mbili zikutane ziwe moja. Zikikataa kukutana, mara nyingi kuna mtu aliyeitoa prizimu kuifuta akairudisha imekaa upande. Pia zungusha nobu inayopandisha vipande vya juu vya mirija yote miwili kwa pamoja: kwa kuwa mirija inaachana kadiri inavyopanda, hapo ndipo unapopata upana wa macho yako.

Jambo moja huwatisha watu bure. Ukifunga lenzi kali, yaani inayokuza sana, kila jicho linaona duara ambalo sehemu yake ina kivuli. Haijaharibika. Prizimu ya Wenham inaelewana na lenzi za nguvu ndogo. Lenzi hizo za Kiingereza zilipewa majina kwa inchi, na kwa mrija wa inchi 10 hesabu ni nyepesi: ya inchi 2 inakuza mara 5 hivi, ya inchi 1 mara 10, ya robo inchi mara 40. Kwa robo inchi, vuta kidroo utumie jicho moja.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema hadubini ya babu yake lazima ilipimia malaria, huwa natabasamu. Robert Koch, daktari Mjerumani mtafiti wa vijidudu, alipokuja Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria, kazi ya namna ile ilihitaji lenzi kali za kuzamishwa kwenye mafuta. Wenham ni chombo cha mdudu, ua, punje ya mchanga na maji ya bwawa.

Vifaa vilivyo kwenye sanduku vinasema hivyohivyo. Kikombe cha fedha kinachovaa lenzi ya chini kinaitwa Lieberkühn, nacho hurudisha mwanga juu ya kitu kisichopitisha nuru. Lenzi nene kwenye mguu wake yenyewe inakusanya mwanga wa taa. Kuna vikoleo vya kushikia mdudu, na kisanduku cha kubana kiumbe hai bila kukiua. Kipo hata kibao cha shaba cha kumfungia chura ili utazame damu ikitembea kwenye ngozi iliyo kati ya vidole vyake. Hicho sikipendi, lakini usikitupe. Sanduku lililopungukiwa vifaa hupungua thamani haraka.

Sasa shaba. Mzee mmoja wa Upanga aliniambia, “Kijana wangu, nataka ing'ae kama ilivyotoka kiwandani.” Nikamjibu, “Mzee wangu, ile dhahabu unayoiona si shaba, ni laka.” Shaba ilipakwa laka, aina ya vanishi, yenye rangi ili isishike kutu. Ukiipiga Brasso, au ndimu na majivu, unaikwangua, na hewa yetu ya chumvi inaanza kuila shaba tupu. Spiriti ni mbaya zaidi, maana inayeyusha laka papo hapo, na watu wa maabara wana mazoea ya kufuta kila kitu kwa spiriti. Mimi natumia kitambaa laini chenye unyevu mdogo wa maji ya sabuni isiyo kali, kisha nakausha. Grisi ya zamani kwenye meno ya kupandishia huwa imeganda. Itoe kwa kijiti cha mti, upake mpya kidogo. Vioo vipulizie hewa, pitisha brashi laini, basi. Vipande vya lenzi vimegandishwa kwa utomvu wa mti, hivyo usivipashe moto wala kuvitenganisha.

Sanduku la mbao lihifadhi, ila usiifungie hadubini humo msimu mzima wa masika. Mbao hushika unyevu, na ukungu ukishaota juu ya kioo huacha alama isiyofutika. Funika kwa kitambaa cha pamba, iweke kabatini na vipakiti vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, uvibadilishe vikishalowa.