Je, wajua? Kesi ya mauaji haifi kwa kukaa sana

Nje ya mahakama za Dodoma, na kwenye vijiwe vya kahawa kuanzia Majengo hadi Chang'ombe, kuna hesabu moja inayorudiwa kwa uhakika mkubwa: miaka 12 ikipita, kesi imekufa. Watu huisema hata kwa mauaji. Ndugu aliuawa mwaka 2009, hakuna aliyefungwa, basi ilipofika 2021 mambo yakaisha na aliyeua akawa huru kisheria. Hesabu hiyo si kweli, na imewafanya watu wengi wakae kimya wakati walikuwa na la kusema.

Chanzo chake kinaeleweka. Tanzania ina Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inayoweka muda wa kufungua madai. Anayedai ardhi ana miaka 12. Anayedai kwa sababu ya mkataba uliovunjwa ana miaka 6. Anayedai fidia kwa madhara kama kashfa au uzembe ana miaka 3. Huku kwetu kanda ya kati, ambako migogoro ya mashamba na viwanja haiishi, namba 12 inajulikana na karibu kila mwenye shamba, na imehama polepole kutoka kwenye shamba kwenda kwenye kila kitu kinachoitwa kesi. Lakini sheria hiyohiyo inatamka kwamba haihusu mashauri ya jinai. Mauaji ya kukusudia hayana ukomo. Mtu akiua leo, anaweza kushtakiwa baada ya miaka 5, 20 au 40, mradi yu hai na ushahidi upo.

Jambo la pili linaloilisha imani hii ni maana ya kuachiwa. Mara nyingi mtuhumiwa wa mauaji hukaa mahabusu muda mrefu, kwa kuwa kosa hilo halina dhamana, kisha upande wa mashtaka huiambia mahakama kwamba hauna nia ya kuendelea na shauri. Mahakama inamwachia. Ndugu wa marehemu wanamwona sokoni wiki inayofuata na kusema mahakama imemsafisha. Haijamsafisha. Kuondolewa kwa shauri namna hiyo si hukumu, na mtu huyohuyo anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya ushahidi ukipatikana. Tofauti kabisa ni yule ambaye kesi yake ilisikilizwa, mahakama ikatamka hana hatia, na rufaa ikaisha au isikatwe. Huyo hawezi kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, hata kama kesho atatokea shahidi mpya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia yoyote lisihusu miaka mingapi imepita. Waulize kesi yao iliishaje, kama iliwahi kufika mahakamani.

Nchi nyingine zimefika hapo kwa kuchelewa. Ujerumani iliondoa ukomo wa mauaji mwaka 1979, ikihofia wauaji wa enzi ya Hitler wangetoroka kwa kuhesabu miaka tu. Japani iliuondoa mwaka 2010.

Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja. Kuna faida gani kuuingia? Jibu zuri linapatikana Singida. Katikati ya miaka ya 1940, katika nchi ya Wanyaturu, watu walikuwa wakikutwa wameraruliwa, na vifo viliandikwa kuwa vya simba. Ripoti ile haikuwa ya kipuuzi. Kusini, upande wa Njombe, simba wa kweli walikuwa wakila watu miaka hiyohiyo. Baadaye wapelelezi wa serikali ya kikoloni walirudi kwenye vifo vya Singida na kukuta mikono ya binadamu: watu waliovaa ngozi za simba na kuacha majeraha yanayofanana na ya kucha. Kesi zilifunguliwa, na baadhi ya washtakiwa walinyongwa. Wanazuoni nao wameyarudia mauaji hayo kwa maandishi miaka mingi baada ya hapo. Ninachokiona cha ajabu humo, kuliko hata ngozi za simba, ni nguvu ya neno la kwanza kuandikwa. Kifo kikiitwa cha simba, hakuna anayeuliza nani alikuwa na ugomvi na marehemu, nani alimwona mwisho, shamba limebaki kwa nani. Maswali hayo huanza pale tu mtu anapolifungua jalada na kukataa kuamini ukurasa wa kwanza.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho miaka inakiongezea thamani badala ya kukipunguza, yaani vinasaba (DNA). Mwaka 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba vyao. Njia ile ya mwanzo ilihitaji damu nyingi ambayo haijaharibika. Leo doa dogo la damu au jasho kwenye ukosi wa shati linaweza kutosha, na doa hilo linaweza kuwa limelala stoo kwa miongo miwili. Inawezekanaje?

Fikiria mlenda. Mgogo anayeutaka hadi kiangazi haufungi ukiwa mbichi, kwa maana baada ya siku chache utakuwa umeoza. Anaukausha kwanza, kisha anautwanga uwe unga. Majani mazima hayapo tena, ila chukua kijiko kimoja cha unga ule, upike, na mtu yeyote wa Dodoma atakuambia ni mlenda bila kuliona jani. Vinasaba vina tabia ya namna hiyo. Maji na vijidudu ndivyo maadui wake wakubwa, joto na jua kali vikisaidia. Damu iliyofungwa ikiwa mbichi kwenye mfuko wa nailoni huoza, na pamoja nayo huoza ushahidi. Damu iliyokauka ndani ya bahasha ya karatasi, mahali pakavu, hudumu. Haidumu ikiwa nzima, kwa sababu nyuzi ndefu za vinasaba hukatikakatika kadiri miaka inavyopita, kama jani linavyokuwa unga. Kipimo cha mwanzo kilihitaji jani zima. Vipimo vya sasa huangalia vipande vifupi tu, vingi vya herufi (sehemu ndogondogo zinazounda uzi wa vinasaba) kati ya 100 na 400, kisha huvinakili kwenye mashine mara mamilioni mpaka visomeke. Unga unatosha.

Mfano huo unaonyesha pia hatari yake. Ukichanganya unga wa nyumba mbili kwenye kibuyu kimoja, hutajua tena upi ni wa nani. Askari aliyeshika kisu bila glavu, au karani aliyeweka nguo za marehemu na za mtuhumiwa kwenye boksi moja, amechanganya unga. Ndiyo maana mahakama huuliza kwa ukali kielelezo kilitoka mkononi mwa nani kwenda kwa nani, lini, na kilitunzwa wapi. Mnyororo huo ukikatika, kipimo kizuri kabisa cha Mkemia Mkuu wa Serikali kinaweza kukataliwa. Tanzania ina sheria mahsusi ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, maana yake majalada mengi ya kabla ya hapo yalifungwa bila kipimo hiki kuulizwa. Ukavu wa Dodoma, mji unaopata takribani milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, hukisaidia kielelezo kilichotunzwa ndani, ingawa hauwezi kumsaidia aliyekitupa.

Tahadhari moja ni lazima. Vinasaba husema nani aliacha chembe zake pale. Havisemi aliziacha lini, wala kwamba ndiye aliyeua. Chembe za mume kwenye shuka ya mkewe hazithibitishi lolote.

Kesi ya kwanza ya mauaji kutumia njia hii nayo ilikuwa na mwendo wa ajabu. Wasichana wawili waliuawa huko Leicestershire, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya pili. Vinasaba vilionyesha kwamba aliyewashambulia wote wawili ni mtu mmoja, na si kijana yule. Kwa hiyo katika kesi hiyo teknolojia hii ilimwokoa asiye na hatia kabla haijamnasa mwenye hatia. Polisi walikusanya damu za maelfu ya wanaume na wasipate kitu, hadi mtu mmoja aliposikika baa akisema alitoa damu kwa niaba ya mfanyakazi mwenzake. Mwenzake huyo alikuwa Colin Pitchfork, aliyehukumiwa mwaka 1988.

Kwamba maabara ilihitaji maneno ya baa ni jambo la kutiliwa maanani. Muda hubadilisha mahusiano ya watu. Mke aliyemficha mume anaachika. Kijana aliyemwogopa mjomba anakuwa mtu mzima, na mjomba amezeeka. Wale ambao neno lao halikuhesabiwa zamani wanaanza kusikilizwa. Mtanzania mwenzetu, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, amelifanyia kazi jambo hili katika fumbo kubwa. Tangu mwaka 2015 ameongoza uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu ndege iliyoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ikamuua Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld na wenzake. Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia ililaumu kosa la rubani. Wachoma mkaa wa Kiafrika waliokuwa msituni usiku ule walisema waliona zaidi ya hayo, na tume haikuyapa uzito maneno yao. Miongo mitano baadaye yalisomwa upya. Othman hajasema ni mauaji. Amesema shambulio au tishio kutoka nje linawezekana kuwa sababu, na kwamba baadhi ya nchi bado zina nyaraka ambazo hazijatolewa. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: mwaka 2017 mahakama ilitamka kwamba Ahmed Timol, aliyekufa mikononi mwa polisi Johannesburg mwaka 1971, hakujiua kama uchunguzi wa 1972 ulivyosema. Aliuawa. Ni mpwa wake aliyesukuma hadi suala likafunguliwa.

Kumbukumbu, hata hivyo, haikai kama doa kavu. Shahidi wa miaka 20 iliyopita anaweza kuwa na uhakika kamili na bado akakosea, kwa sababu amesimulia na kusimuliwa mara nyingi. Kwa hiyo kurudia jalada wakati mwingine ni kusoma upya maelezo ya siku ile kwa maswali makali zaidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyaweka maswali hayo mwaka 1980, katika shauri la utambuzi wa kuona kwa macho: mwanga ulikuwa wa nini, umbali ulikuwa gani, alimtazama kwa muda gani, alimfahamu kabla? Mtu asitiwe hatiani kwa utambuzi kama uwezekano wa kukosea haujaondolewa. Jalada la zamani lisemalo tu "nilimtambua", kwa mwanga wa koroboi, hatua 30, usiku, halihitaji maabara kuonyesha udhaifu wake.

Udhaifu huo una uzito wa pekee kwetu, kwa sababu Kanuni ya Adhabu inataja adhabu moja kwa mauaji ya kukusudia: kunyongwa. Hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu hiyo inakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ilimpinga mwaka 1995. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo bila kuangalia mazingira kunakiuka haki ya kuishi. Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo wapo waliohukumiwa kufa ambao wako hai. Aliye hai, jalada lake bado linaweza kumfaa.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona nzito kuliko zote, na haimo kwenye sheria. Kifo kisicho na jibu hakikai bila jibu. Polisi wakinyamaza, ramli chonganishi itasema, na mara nyingi itamtaja bibi kizee mjane mwenye kipande cha ardhi. Sheria ya Uchawi inakataza kumtaja mtu hivyo, lakini kosa hufanyika ndani ya nyumba usiku, na damu ya pili humwagika kwa ajili ya ya kwanza. Jalada likifunguliwa na kupata jibu la kweli, hata baada ya miaka 15, kuna mtu kijijini ataacha kutazamwa vibaya kisimani.

Familia inayotaka jalada liangaliwe tena huanzia kituo lilikofunguliwa. Tafuteni namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi) au ya IR (rejista ya upelelezi), tarehe ya tukio, na namba ya shauri kama lilifika mahakamani. Andikeni jina la kila aliyehojiwa na mahali alipohamia. Kama kuna nguo au kitu cha marehemu ambacho hakikuchukuliwa, msikifue, msikianike juani, msikitie kwenye nailoni. Kiwekwe kikavu ndani ya bahasha ya kaki, na aliyekitunza aandike kilikuwa wapi miaka yote hiyo. Barua iende kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, nakala kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ikieleza kipya ni nini: shahidi aliyekuwa mtoto, kielelezo kisichopimwa, mtu aliyesikika akisema. Barua inayosema tu "tunaomba haki" huwa haimpi mpelelezi pa kuanzia. Na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjaondoka dirishani.