Je, wajua boti hupandaje kilima kwa nguvu ya maji peke yake?

Huko Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester and Birmingham nchini Uingereza, boti hupanda mita 67 ndani ya kilomita tatu na nusu hivi. Haivutwi na winchi, wala hakuna anayeiinua. Hupita loki 30 zilizofuatana kama ngazi, na mwenye kuibeba ni maji.

Loki ni chumba kirefu cha matofali chenye malango juu na chini. Zile nyembamba zina upana wa mita 2.1 hivi, na boti zake mita 2.08, kwa hiyo ukiingia, kila ubavu hubakiwa na nafasi ya kidole kimoja. Kipimo hiki kilienea kutokana na kazi ya mhandisi James Brindley, aliyeanza kujenga mfereji wa Trent and Mersey mwaka 1766. Loki nyembamba hula matofali machache na maji machache.

Ukiwa unapanda, chumba lazima kiwe kitupu, yaani maji yake yawe usawa wa yale ya chini, ndipo uingie. Funga malango ya chini, hakikisha vizibo vyake, yaani vibao vya kufungulia na kuzibia njia za maji, vimeshuka, kisha nenda juu na mpini wako wa chuma uliopinda, uvike kwenye ekseli ya kizibo na uzungushe. Fungua nusu kwanza. Ukifungua chote kwa pupa, maji huingia kwa kishindo na kuirusha boti mbele na nyuma, na vyombo vya jikoni humwagika. Boti ikishatulia, malizia.

Sasa subiri, maana lango halifunguki kwa ubabe. Maji yakitofautiana sentimita 10 tu pande mbili za lango la upana wa mita mbili lililozama mita moja na nusu, msukumo wake ni sawa na uzito wa kilo 300. Yakisawazika, unaegemeza mgongo kwenye boriti ya lango na kusukuma kwa miguu taratibu. Lango zima linasogea. Hakuna injini yenye kazi hapo.

Kushuka ndiko kwenye hatari kubwa. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe au zege, nacho hufichwa na maji chumba kikijaa. Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ikiwa juu yake wakati maji yanapungua, inakwama pale huku omo, yaani sehemu ya mbele, ikizidi kushuka, na boti huzama kwa dakika chache. Ukutani kuna mstari mweupe: tezi ikae mbele yake muda wote, na mtu asiondoke kwenye kana, yaani mpini wa usukani. Ikikwama, funga vizibo vya chini mara moja, kisha jaza chumba polepole kutoka juu.

Kila mara loki nyembamba inapomwagwa, lita 100,000 hivi huteremka, na juu kilimani hurudishwa na mabwawa na mvua. Ndiyo maana ukikuta chumba kimejaa na boti inakuja kutoka juu, unaisubiri ishuke. Kukimwaga bure ni kuwapunguzia maji wanaokuja nyuma yako, hasa kiangazi.

Loki moja huchukua kama dakika 10, hivyo Tardebigge ni saa tano za kazi ya mikono. Kati ya loki moja na nyingine, mwendo usizidi kilomita 6.4 kwa saa, na ukipita boti zilizofungwa, punguza hadi wimbi lako lisizitikise. Hata ukiongeza mafuta, maji haya ni ya kina kifupi: tezi hudidimia, kingo humomonyoka, na kasi haiongezeki. Boti ikianza kutetemeka na kupoteza nguvu, mara nyingi mfuko wa plastiki umejiviringisha kwenye rafadha, yaani panga linalosukuma boti. Zima injini, chomoa ufunguo, fungua kifuniko kilicho juu ya rafadha, ukate uchafu kwa kisu. Kabla ya kuwasha tena, kaza kifuniko hicho mpaka mwisho, kwani rafadha ikizunguka kikiwa kimelegea, maji hujaa ngamani, yaani ndani chini kabisa ya boti.